POINTI NI MIZANI: MWALIMU ASIPIME SURA YA MTOTO

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa sura mbalimbali na rangi mbalimbali. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.



Somo letu la Ijumaa ya leo linawahusu kwanza walimu, nao ni wengi katika safu zetu: walimu wa shule za msingi, walimu wa sekondari na maustadhi wa madrasa. Linamhusu pia kila mzazi anayepokea buletini ya mtoto wake mwisho wa muhula. Swali ni hili: mwalimu anapotoa pointi, je, anapima kazi ya mtoto, au anampima mtoto mwenyewe, uso wake, ngozi yake na nguo yake?

Mtu anaweza kusema kwamba hilo ni jambo dogo. Ndugu zangu, si dogo. Pointi 1 inapungua katika interogasyo, nyingine 2 katika mtihani, na mwisho wa mwaka mtoto anaishia kwenye pursantaji 48, wakati mwenzake aliyeandika sawa na yeye amefika 52. Mmoja anapanda darasa, mwingine anarudia mwaka. Mzazi mwenye riziki ndogo akiona mtoto anarudia, mara nyingi husema: huyu hana kichwa cha masomo, aende machimboni, na kama ni binti, aolewe. Hivyo kalamu ya mwalimu imekata njia ya maisha ya mtu, na pengine mwalimu mwenyewe hakujua kama amekata.

1. MIZANI SI YA MCHELE PEKE YAKE

Tunaijua Sura Al-Mutaffifin, sura ya 83. Mwanzo wake unawatisha kwa adhabu wale ambao wakipokea haki yao hutaka kipimo kijae, na wakiwapimia wengine hupunguza. Tukiisikia, mawazo yetu huenda moja kwa moja sokoni, kwa muuza mchele na kopo lake lililobonyezwa chini. Lakini mwalimu naye ni mpimaji. Mwisho wa mwezi anataka mshahara wake utimie bila kupungua hata franka moja, na hiyo ni haki yake. Basi na mtoto ana haki ya pointi zake zitimie. Mchele uliopunjwa huliwa siku moja na jambo likaisha. Pointi iliyopunjwa huandikwa katika buletini, na buletini humfuata mtoto miaka mingi.

Tena Mwenyezi Mungu ametuonyesha milango miwili ambayo dhuluma huingilia. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 135, anatuamuru tusimamishe haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu, wala tusifuate matamanio. Katika Sura Al-Maida, aya ya 8, anatukataza chuki juu ya watu isitufanye tuache uadilifu. Kwa hiyo mapenzi yanaweza kupotosha mizani, na chuki vilevile. Mtoto mzuri wa sura huingia kwa mlango wa mapenzi, na mtoto ambaye sura yake haipendezi huingia kwa mlango wa pili. Wote wawili hawapimwi sawasawa.

2. MAFUNZO YA MTUME (S.A.W.) JUU YA SURA ZA WATU

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa Mwenyezi Mungu hatazami sura zetu wala mali zetu, bali anatazama mioyo yetu na matendo yetu. Ikiwa Mwenye kuumba sura hizo hazitumii kuhukumu, mwalimu amepata wapi ruhusa ya kuzitumia?

Tukumbuke habari ya Sura Abasa, sura ya 80. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), mtu kipofu, alimjia Mtume (s.a.w.) akitaka kufundishwa, naye Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makka akitumaini watasilimu. Akakunja uso. Yule kipofu hakuuona uso huo, lakini Mwenyezi Mungu aliuona, akateremsha aya za kumzindua Mtume wake. Fikirini hapo, walimu: ilikuwa ni saa ya kufundisha, mwanafunzi amekuja na hamu ya kujifunza, na jambo la kukunja uso peke yake lilitajwa katika Qur'ani inayosomwa mpaka Siku ya Kiyama. Baadaye Ibn Ummi Maktum alikuwa mwadhini wa Mtume pamoja na Bilal (r.a.).

Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba mtu mmoja tajiri alipita, Mtume (s.a.w.) akawauliza waliokuwapo wanamwonaje. Wakasema huyu akiposa ataozwa, na akisema atasikilizwa. Akapita mwingine, Mwislamu maskini, wakasema huyu akiposa hataozwa, na akisema hatasikilizwa. Mtume akawaambia kwamba huyu maskini ni bora kuliko dunia iliyojaa watu mfano wa yule wa kwanza. Maswahaba walitoa hukumu yao kwa macho tu, nayo haikuwa sawa.

Na Abdullah bin Mas'ud (r.a.) alikuwa mtu mwembamba mwenye miguu mikonda. Siku moja alipanda mti kukata mswaki, upepo ukafunua miundi yake, watu wakacheka. Mtume (s.a.w.) akawaambia kwamba miguu ile katika mizani ya Kiyama ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Habari hii imo katika Musnad ya Imam Ahmad. Na huyu ndiye ambaye Mtume aliwaambia watu wajifunze Qur'ani kwake, na ndiye aliyemsomea Mtume mpaka machozi yakamtoka. Je, kama angekuwa katika darasa letu leo, na miguu ile na umbo lile dogo, tungempa ngapi juu ya 10?

3. JAMBO HILI LIMEPIMWA KWA NAMBA

Mwalimu atasema: mimi ninamcha Mungu, mimi siwezi kumnyima mtoto pointi kwa ajili ya uso wake. Nia yake tunaisadiki. Lakini katika nchi nyingine watu wa elimu wamelipima jambo hili miaka mingi, na waliyoyaona yanatuonya kwamba nia njema peke yake haitoshi.

Mwaka wa 1920, huko Marekani, Edward Thorndike aliangalia jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima askari wao. Waliulizwa mambo mbalimbali: umbo la mwili, akili, uongozi, tabia. Akaona kwamba askari aliyesifiwa kwa jambo moja alisifiwa karibu katika yote. Sifa moja iliyoonekana kwa macho ilizipaka rangi sifa nyingine ambazo hazionekani.

Mwaka wa 1973 Margaret Clifford na Elaine Walster waliwapelekea walimu wa darasa la 5 katika jimbo la Missouri, Marekani, buletini ya mtoto wawasomee na kutoa maoni. Buletini ilikuwa ni ileile kwa wote, pointi zilezile. Kilichobadilika ni picha tu: walimu wengine walipata picha ya mtoto mwenye sura nzuri, wengine picha ya mtoto ambaye sura yake haivutii. Walimu waliopata picha nzuri walimwona mtoto kuwa na akili zaidi, na kwamba atafika mbali zaidi katika masomo. Wakaona hata wazazi wake wanajali zaidi masomo yake. Wazazi hao hawakuwajua. Picha ndiyo iliyowasimulia.

Mwaka uliofuata, 1974, David Landy na Harold Sigall waliwapa wanafunzi wanaume wa chuo kikuu insha ya kusahihisha, pamoja na picha ya msichana aliyeambiwa ndiye mwandishi. Insha moja ilikuwa nzuri, nyingine mbaya. Aliyedhaniwa mrembo alipata maoni mazuri zaidi kuliko mwenzake, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi pale insha ilipokuwa mbaya. Yaani kazi mbaya ya mrembo ilisamehewa, na kazi mbaya ya asiyekuwa mrembo haikusamehewa.

Labda mtu atasema hayo yalikuwa majaribio ya kutunga, si pointi za kweli. Basi tuangalie pointi za kweli. Mwaka wa 2017 Rey Hernández-Julián na Christina Peters walitoa utafiti juu ya wanafunzi wa chuo kikuu kimoja huko Denver, Marekani. Walilinganisha masomo ya darasani, ambako mwalimu anamwona mwanafunzi, na masomo ya mbali kwa njia ya intaneti, ambako hamwoni. Wasichana waliohesabiwa kuwa na sura nzuri walipata pointi zaidi darasani, na katika masomo ya mbali faida hiyo ikapungua.

Halafu ukaja ugonjwa wa Korona. Huko Sweden, Chuo Kikuu cha Lund, masomo yalihamia kwenye intaneti mwaka wa 2020. Adrian Mehic aliangalia pointi za wanafunzi wa uhandisi kabla na baada ya kuhama, akatoa matokeo yake mwaka wa 2022. Katika hesabu na fizikia, ambako jibu ni sahihi au si sahihi, sura haikuwa na uzito. Lakini katika masomo ambayo mwalimu huzungumza zaidi na mwanafunzi na kupima kwa maoni yake, wenye sura nzuri walikuwa na pointi za juu. Mwalimu alipoacha kuwaona darasani, pointi za wasichana warembo katika masomo hayo zilishuka. Za wavulana hazikushuka, na mtafiti akafikiri kwamba kwao huenda kuna sababu nyingine, kama vile kujiamini katika kazi.

Hatusemi, ndugu zangu, kwamba kila pointi ndogo ni dhuluma. Mtoto anaweza kupata kidogo kwa sababu hakusoma. Tena mtoto aliyekula na kulala vizuri anapendeza kwa macho na pia anajifunza vizuri. Lakini pale kazi inapokuwa ileile na pointi zinabadilika kwa sababu ya picha, hakuna jina jingine la jambo hilo isipokuwa kupunja.

4. KATIKA MADARASA YETU

Sisi hapa Kongo tunakaa na watoto 60, 70, pengine zaidi, katika darasa moja. Mwalimu amechoka. Mtu aliyechoka hutafuta njia fupi, na njia fupi kuliko zote ni macho. Macho yake yanakwenda wapi?

Yanakwenda kwa mtoto ambaye sare yake ya buluu na nyeupe imepigwa pasi. Yule mwenye shati lililogeuka rangi ya vumbi na kandambili zilizoshonwa kwa waya anadhaniwa hana akili, kumbe nguo ile inaonyesha mfuko wa baba yake, haionyeshi kichwa chake.

Yanamkimbia mtoto mwenye upele, mwenye kovu la moto usoni, mwenye jicho moja, mwenye mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa. Haulizwi swali, hapewi chaki aende ubaoni. Mwisho wa muhula mwalimu anasema huyu hashiriki darasani.

Yanamhukumu mtoto mwenye ualbino. Huyo ana mtihani mara mbili. Watu wanaikimbia ngozi yake, na macho yake hayaoni mbali, kwa kuwa ualbino hudhoofisha macho pamoja na ngozi, na hata miwani mara nyingi haiyatengenezi kabisa. Akikaa nyuma hasomi yaliyo ubaoni, ananakili vibaya, na mwalimu anampa 3 juu ya 10 kwa kosa la benchi alilokalishwa. Mlete mbele, mwandikie kwa herufi kubwa, mweke mbali na dirisha lenye jua kali, kisha ndipo upime akili yake.

Tena yanapenda mwandiko mzuri. Mwandiko nao ni sura, sura ya karatasi. Katika somo la mwandiko, haki yake ipewe. Lakini katika somo la historia, jibu sahihi lililoandikwa kwa herufi zilizopinda ni jibu sahihi.

Sisi Waislamu hatupendi binti yetu aliyevaa mtandio apimwe kwa kitambaa cha kichwani badala ya kazi yake. Ni haki yetu kutopenda. Basi katika shule zetu za Kiislamu, ambamo watoto wa dini zote wanasoma, mwalimu Mwislamu naye asimpime mtoto wa jirani kwa nywele zake, kabila lake au msalaba shingoni mwake. Haki haina milango miwili, mmoja wa kwetu na mmoja wa wengine.

Na mjue kwamba hata yule anayependelewa amedhulumiwa. Mtoto aliyezoea kupata 7 kwa kazi ya 4 hajui kwamba hajui. Siku ya Egzetat, karatasi za majibu ya kuchagua husahihishwa mbali na shule yake, na huko hakuna anayemwona uso. Hapo ndipo anaanguka, na hakuna aliyemwonya mapema.

5. DAWA YAKE

Tuangalie sheria yetu. Mtume (s.a.w.) amekataza kadhi kuhukumu kati ya watu wawili hali amekasirika, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Hakusema kadhi mwema aendelee tu kwa kuwa ana nia njema. Alijua kwamba moyo wa mtu unapotikiswa, hukumu yake hutikisika. Basi na mwalimu, ambaye ni kadhi wa watoto, asitegemee wema wa moyo wake peke yake. Aufunge mkono wake kwa njia zitakazomlinda:

Kwanza, jina la mtoto liandikwe nyuma ya karatasi, au itumike namba. Asahihishe zote, ndipo ageuze. Kama anawajua wote kwa mwandiko, abadilishane karatasi na mwalimu wa darasa jingine.

Pili, kabla ya kufungua karatasi hata moja, aandike majibu anayoyataka na pointi za kila jibu.

Tatu, asahihishe swali la kwanza kwa watoto wote, halafu la pili kwa wote. Hivyo jibu zuri la mwanzo halitabeba jibu baya la mwisho.

Nne, katika mtihani wa mdomo, ambako uso hauwezi kufichwa, maswali yawe ya uzito mmoja, pointi ziandikwe palepale, na ikiwezekana akae mwalimu wa pili.

Tano, mwenendo una nafasi yake katika buletini. Usafi na adabu vihesabiwe pale, visipunguze wala kuongeza pointi za hesabu au Kifaransa.

Sita, awaite watoto kwa kufuata orodha, ili kila mmoja apate zamu yake ya kuulizwa. Mtoto asiyeulizwa mwaka mzima amepunjwa kabla ya mtihani.

Saba, asisahihishe akiwa na hasira. Hilo Mtume ameshalisema kwa makadhi.

Mengi ya haya hayaombi fedha, wala hayangojei amri ya prefe au ya direkta. Mwalimu mmoja anaweza kuyaanza Jumatatu.

6. NENO KWA WAZAZI

Wazazi, msianze ninyi kumpunja mtoto nyumbani. Kuna mtoto anayeitwa mweusi kama sufuria, mwingine anaitwa kichwa kikubwa, na mzuri wa nyumba ndiye anayenunuliwa kaye mpya. Mtume (s.a.w.) alipoombwa na Bashir awe shahidi wa zawadi aliyompa mwanawe Nu'man peke yake, alikataa, akaamuru uadilifu baina ya watoto. Na Sura Al-Hujurat, aya ya 11, inatukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya.

Buletini ikija, msiishie kusoma pursantaji. Ombeni kuona karatasi zilizosahihishwa. Mkiona pointi hazilingani na kazi, nendeni kwa mwalimu kwa adabu, mkamwulize mbali na masikio ya watoto. Kama hamkusikilizana, komite ya wazazi ipo. Na msimwite kila mwalimu dhalimu, maana wengi wanafanya kazi ngumu kwa malipo madogo, na Mwenyezi Mungu anaijua taabu yao.

Ndugu Waislamu, kila mmoja wetu anangojea buletini ya mwisho, siku matendo yatakapowekwa katika mizani. Siku ile sura hazitatuongezea kitu, nzuri wala mbaya. Mwenye kutaka apimiwe kwa haki huko, na awapimie watoto kwa haki hapa.

Ewe Mwenyezi Mungu, wape walimu wetu macho yanayoona kazi na mioyo isiyodanganywa na sura. Wafungulie watoto wetu milango ya elimu, na uwaponye wale waliovunjwa moyo. Amina.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Tafadhali usiitupe karatasi hii ovyo, ina jina la Mwenyezi Mungu. Ukiisha kuisoma, mpe mwalimu wa mtoto wako.